Wanafunzi Wavuke Songwe kwa Hati Moja

Kutoka Kasumulu, kwenye daraja la Mto Songwe, hadi mji wa Karonga nchini Malawi ni mwendo wa kilomita zipatazo 50. Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Walakini mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Kyela anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake yale wanayoyasoma darasani ataona kwamba safari ya Dar es Salaam, pamoja na urefu wake wote, ni nyepesi kuipanga kuliko ile ya kwenda kwa jirani. Safari ya Dar es Salaam yataka fedha za basi, ridhaa ya wazazi na kibali cha wakuu wa elimu. Safari ya Karonga yataka hayo yote, na juu ya hayo yataka kila mtoto, mmoja mmoja, awe na hati yake ya kusafiria, kana kwamba kila mmoja ameondoka kwao peke yake kwa shughuli zake mwenyewe.

Utaratibu huo wastahili kutazamwa upya. Wanafunzi arobaini wanaosafiri pamoja na walimu wao, kwa barua ya shule yao, wakaondoka asubuhi na kurejea kesho yake, si wasafiri arobaini wasiojuana. Ni msafara mmoja. Sheria inayowatazama kama watu arobaini mbalimbali haiwalindi vizuri kama inavyodhaniwa, na wala haiwatendei haki sawa. Kinachohitajika kati ya Tanzania na Malawi ni hati moja ya msafara wa wanafunzi, yenye majina yao wote, iliyothibitishwa na wenye madaraka wa elimu na wa uhamiaji, na inayokubaliwa katika pande zote mbili za daraja.

Gharama na Wanaoachwa Nyuma

Yafaa kwanza kuangalia hali ilivyo. Hati za kusafiria nchini Tanzania hutolewa chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Malawi kwa matembezi, wala raia wa Malawi hahitaji viza kuingia Tanzania. Ndiyo kusema kwamba nchi hizi mbili zimekwisha kukubaliana kwamba watu wao ni majirani wa kuaminiana. Kinachobaki ni hati yenyewe.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwezi wa Januari 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Kwa mtumishi anayesafiri mara kwa mara, na ambaye pasipoti yake itamfaa kwa miaka kumi, fedha hizo si hoja. Kwa mkulima wa mpunga wa Ipinda ambaye mtoto wake anakwenda Karonga siku mbili, ni hoja kubwa sana. Darasa la wanafunzi 40 litalipa shilingi 6,000,000 kabla basi halijatiwa mafuta. Juu ya hapo kuna nauli na muda wa kufuatilia maombi katika ofisi ya mkoa iliyoko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela, ambako mzazi hana budi kuacha shamba na mwanafunzi hana budi kuacha vipindi.

Ni kweli kwamba iko hati nyingine, nayo ni Hati ya Dharura ya Safari, ambayo hutumika kwa safari za nchi jirani na ambayo ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya pasipoti. Hati hiyo ni msaada mkubwa, na kila mwalimu wa mpakani yampasa kuijua. Hata hivyo, jina lake lenyewe laonyesha kwamba iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyepatwa na haja ya ghafula, si kwa ajili ya darasa lililopanga ziara yake tangu muhula uliopita. Nayo hutolewa kwa mtu mmoja mmoja: fomu arobaini, picha za watoto arobaini, vyeti arobaini vya kuzaliwa, na barua za wazazi arobaini.

Matokeo ya mambo hayo si magumu kuyaona. Shule yenye wazazi wenye uwezo, ambao watoto wao wana pasipoti tangu utotoni, itasafiri. Shule ya kata iliyoko kandokando ya ziwa haitasafiri. Na katika darasa lile lile moja, watakaokwenda ni wale ambao baba zao wameweza kulipa, na watakaobaki ni wale ambao hawakuweza. Ziara ya masomo ni sehemu ya masomo. Haifai sehemu hiyo igawiwe kwa kipimo cha mfuko wa mzazi, ilhali mtihani wa mwisho wa mwaka huulizwa kwa wote.

Mto Usiotulia

Liko tokeo la pili, nalo ni la hatari zaidi. Wakazi wa kingo za Songwe hawakuanza jana kuvuka mto huo. Wanyakyusa wa upande wa Tanzania na Wangonde wa Karonga ni ndugu kwa asili na kwa lugha, wakisikilizana bila mkalimani. Waliotenganishwa ni kwa kalamu ya watu wa mbali: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulioufanya Mto Songwe kuwa mpaka kati ya himaya zao. Tangu wakati huo watu wameendelea kuvuka kwenda kuoa, kuzika, kununua na kuuza. Mto wenyewe haukuwahi kuutii mkataba ule kikamilifu, kwani katika tambarare za Kyela na Karonga hufurika na kuhama mkondo, hata shamba lililokuwa huku likajikuta kule.

Mahali penye mazoea ya namna hiyo, kanuni iliyo nzito kupita kiasi haimzuii mtu kuvuka. Humfundisha kuvuka pasipo kuonekana. Mwalimu mwenye nia njema, aliyeshindwa na mlolongo wa makaratasi, aweza kushawishika kuwapitisha wanafunzi wake kwenye kivuko cha mtumbwi ambako hakuna ofisa wala daftari. Jambo baya likitokea huko, hakuna ofisi ya serikali, katika nchi yoyote kati ya hizi mbili, itakayokuwa na orodha ya majina ya watoto waliovuka siku ile. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na kanuni iliyopo haiiondoi.

Ofisa wa Mpakani Ana Haki ya Kuuliza

Haifai lakini kuandika juu ya jambo hili kana kwamba maofisa wa uhamiaji ni watu wa kuzuia tu. Ofisa wa Kasumulu anapouliza watoto hawa ni nani, wanakwenda wapi, na nani ameruhusu, anauliza swali la haki kabisa. Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una sababu zake za kuliuliza.

Katika karne ya 19 Karonga ilikuwa mahali pa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mwaka 1887 mfanyabiashara Mlozi, aliyejitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde, alianzisha vita vilivyowaua na kuwateka wengi wao, na vita hivyo havikumalizika kabisa mpaka alipokamatwa na kunyongwa mwezi wa Desemba 1895. Watoto walivushwa katika nchi hiyo bila majina yao kuandikwa popote, na hawakurudi. Katika siku za karibu zaidi, njia ya Mbeya, Kyela na Karonga imetumiwa na wasafirishaji haramu wanaowapeleka watu kutoka Pembe ya Afrika kwenda Afrika Kusini. Mwezi wa Juni 2012 mashua iliyokuwa imewabeba wahamiaji kutoka Ethiopia ilizama ziwani upande wa Karonga, na watu zaidi ya 40 wakafa maji.

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ofisa anayezisimamia sheria hizo kwa makini hastahili lawama. Anastahili kupewa chombo kinachofaa kwa kazi hiyo.

Sasa yafaa kuuliza: je, pasipoti ya mtoto ndicho chombo hicho? Pasipoti humwambia ofisa kwamba mtoto huyu ni raia wa Tanzania na kwamba amezaliwa siku fulani. Haimwambii ni mwalimu gani anayewajibika kwake. Haimwambii anasoma shule gani, wala atarudi lini, wala ni nani wa kupigiwa simu endapo hatarudi. Mtoto mwenye pasipoti halali aweza kuvushwa na mtu asiye na haki juu yake. Orodha ya msafara, kwa upande wake, hujibu maswali yote hayo kwa karatasi moja, na zaidi ya hapo ina faida ambayo pasipoti arobaini hazina: inahesabika. Wamekwenda arobaini, na wasiporejea arobaini, ofisa wa zamu atajua jioni ile ile.

Kwa hiyo anayependekeza hati ya msafara haombi ulinzi wa watoto ulegezwe. Anaomba ulinzi huo uwekwe mahali pake.

Wengine Wamefanyaje

Fikra hii si ngeni duniani. Tarehe 16 Desemba 1961 nchi wanachama wa Baraza la Ulaya zilitia saini mjini Paris makubaliano ya kuwaruhusu vijana kusafiri kwa pasipoti ya pamoja. Kundi lilipaswa kuwa na watu wasiopungua watano na wasiozidi hamsini, wakiwa na kiongozi mtu mzima mwenye pasipoti yake mwenyewe, nao walitakiwa wasitengane safarini. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa miaka 16 tu tangu mataifa hayo yamalize vita vilivyoua mamilioni. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya nao ulikubaliana juu ya orodha ya wanafunzi wa shule, ili mtoto wa mgeni anayesoma katika nchi mwanachama aweze kwenda ziara pamoja na wenzake wa darasani bila kutafutiwa viza peke yake.

Funzo kubwa zaidi limetoka Uingereza. Baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, nchi hiyo iliacha kuitambua orodha hiyo ya wanafunzi, na tangu Oktoba 2021 ikaacha pia kupokea vitambulisho vya taifa kwa wageni wengi wa Ulaya. Watoto wengi wa Ufaransa hawakuwa na pasipoti, na walimu wao wakaanza kupeleka madarasa mahali pengine. Miji iliyokuwa ikipokea wanafunzi hao ikaona hasara. Mwaka 2023 serikali za nchi hizo mbili zikakaa na kurekebisha, na kuanzia tarehe 28 Desemba mwaka huo makundi ya wanafunzi kutoka Ufaransa yakaruhusiwa tena kuingia Uingereza kwa fomu maalumu ya shule pamoja na vitambulisho vyao. Nchi tajiri yenye mitambo ya kila namna mipakani ilijaribu kuwatazama wanafunzi kama wasafiri wengine wote, kisha ikaona imekosea hesabu.

Katika Afrika pia hatua zimechukuliwa. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kutembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Botswana na Namibia zilifanya vivyo hivyo mwezi wa Februari 2023. Mifano hiyo ni mizuri, lakini mwalimu asijidanganye kwamba ikiigwa Kasumulu itamaliza shida yake. Kitambulisho cha taifa nchini Tanzania kimekuwa kikitolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18, na mwanafunzi wa kidato cha pili hajafika huko. Makubaliano yanayomfaa mzazi yaweza kabisa kumwacha mtoto ng'ambo. Kwa ajili hiyo, jambo la wanafunzi halina budi kutungiwa utaratibu wake lenyewe.

Ahadi Imekwisha Kutolewa

Wala hakuna haja ya kuanza upya tangu mwanzo. Tarehe 8 Septemba 1997 viongozi wa nchi za SADC, Tanzania na Malawi zikiwamo, walikutana Blantyre na kutia saini Itifaki ya Elimu na Mafunzo. Miongoni mwa malengo yaliyoandikwa humo ni kulegeza, na hatimaye kuondoa, taratibu za uhamiaji zinazozuia wanafunzi na walimu kwenda na kurudi kati ya nchi wanachama kwa ajili ya masomo. Mwaka 2005 ikafuata itifaki nyingine juu ya kurahisisha mwendo wa watu katika ukanda huo wote, ambayo utekelezaji wake umesuasua kwa kuchelewa kuridhiwa na nchi za kutosha. Itifaki ya elimu haikuwa na mkosi huo, kwani ilianza kutumika mwaka 2000.

Maadam ahadi ilitolewa Blantyre, katika ardhi ya Malawi, ni jambo la kufaa utekelezaji wake uonekane Songwe. Nchi hizi mbili zinajua kushirikiana zikitaka. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, ili mto ule ule unaozitenganisha usimamiwe kwa mashauri ya pamoja. Na upande wa magharibi, Tanzania na Zambia zilifungua mwezi wa Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Ikiwa maji yamepatiwa kamisheni na malori yamepatiwa kituo, watoto nao wastahili kupatiwa karatasi moja.

Watakachokiona

Huenda mtu akauliza kama kuna cha kuonwa huko hata ipasue watu vichwa. Kipo. Mwaka 1991, huko Uraha wilayani Karonga, watafiti walifukua taya la binadamu wa kale linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4. Mtoto wa Kyela hufundishwa habari za Zinjanthropus aliyefukuliwa Olduvai mwaka 1959, naye huyakariri hayo kama mambo ya mbali, asijue kwamba taya la kale kuliko fuvu lile lilikuwa limelala udongoni ng'ambo ya mto anaouona. Katika jumba la makumbusho la Karonga, lililofunguliwa mwaka 2004, ataona habari hizo pamoja na umbo la mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale aliyefukuliwa wilayani humo. Atafika pia mahali ambapo tarehe 9 Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana vita vya kwanza vya mpaka huu, huku waliokufa katika pande zote mbili wakiwamo Waafrika ambao hawakuulizwa maoni yao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa Karonga akivuka kuja Kyela ataona mashamba ya kakao na ya mpunga, atafika bandari ya Itungi, na kule Matema, chini ya Milima ya Livingstone, ataona vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe. Atakisikia Kiswahili, ambacho nchi za SADC zilikifanya kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo katika mkutano wao wa Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2019. Lugha haienei kwa maazimio peke yake. Huenea pia kwa mtoto kumuuliza mtoto mwenziwe bei ya embe.

Liko na jambo zito zaidi. Ziwa hili lina majina mawili: huku ni Nyasa, kule ni Malawi. Mabishano ya mpaka wa majini, yaliyoanza miaka ya 1960 na kupamba moto tena mwaka 2012, yamo mikononi mwa wakubwa wa nchi na wapatanishi wao, na hapo ndipo mahali pake. Lakini watoto wa leo ndio watakaokuwa maofisa, mabalozi na wabunge wa kesho katika jambo hilo hilo. Ni afadhali watakapolijadili wawe wamewahi kukaa dawati moja, kuliko kuwa wamesikia habari za wenzao katika redio tu.

Hati Iwe ya Namna Gani

Hati inayofaa haina ugumu. Iwe na jina la shule, tarehe ya kuondoka na ya kurejea, mahali pa kulala, na namba ya basi. Iwe na jina la kila mwanafunzi, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya cheti chake cha kuzaliwa, picha yake, na jina na simu ya mzazi aliyeridhia kwa maandishi. Walimu wanaoongoza wawe na pasipoti zao wenyewe, na pakiwa na wasichana pawe na mwalimu wa kike. Mwalimu Mkuu aitie saini, Afisa Elimu wa wilaya aithibitishe, na ofisi ya uhamiaji ya wilaya iipige muhuri baada ya kuilinganisha na vyeti. Nakala moja ibaki Kasumulu, ya pili ikabidhiwe kwa maofisa wa Malawi, ya tatu ikae mkononi mwa mwalimu, na ya nne ibaki shuleni. Msafara usizidi watu hamsini, wala usikae zaidi ya siku chache zilizoandikwa.

Zipo hoja za kupinga, nazo zijibiwe. Ya kwanza ni kwamba orodha yaweza kughushiwa. Ni kweli, kama vile hati yoyote iwezavyo kughushiwa. Lakini orodha iliyopita mikononi mwa ofisi tatu, na ambayo nakala yake imetangulia mpakani kabla ya msafara kufika, ni ngumu kughushi kuliko barua ya ridhaa ya mzazi mmoja.

Hoja ya pili ni ajali. Taifa halijasahau tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, nao walikuwa ndani ya nchi yao wenyewe. Ajali ikitokea ugenini, jambo la kwanza litakalotakiwa na hospitali, na polisi, na wazazi, ni orodha kamili ya majina na simu. Katika msiba ule ule liko na la kuzingatia: watoto watatu walionusurika walisafirishwa kwa ndege tarehe 14 Mei kwenda Marekani kutibiwa, siku nane tu baada ya ajali. Ofisi zikiamua kwamba jambo la mtoto haliwezi kungoja, halingoji.

Hoja ya tatu ni kwamba walimu wengine wataifanya ziara kuwa njia ya kukusanya michango. Hilo ni la kusimamiwa na maofisa elimu, kwa kukagua hesabu na kuzuia michango isiyo na kibali. Si sababu ya kuwafungia watoto mlango.

Yanayowezekana Leo

Makubaliano kati ya nchi huchukua muda, na watumishi wa Kyela hawana haja ya kukaa wakiyangoja. Jambo la kwanza ni vyeti vya kuzaliwa. Mkoa wa Mbeya ndio ulioanza, mwaka 2013, mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu mwaka ule alitimiza miaka 15 mwaka 2025. Ndiyo kusema kizazi cha kwanza kilichotakiwa kuwa na vyeti vyote ndicho kilichofika sekondari. Kila shule iweke daftari linaloonyesha nani anacho na nani hana, na asiyekuwa nacho asaidiwe mapema, bila kungoja siku ya safari. Daftari hilo litamfaa mwanafunzi hata asipovuka mto maisha yake yote.

La pili, shule ikusanye maombi ya Hati ya Dharura kwa pamoja na kuyapeleka kwa miadi, badala ya kila mzazi kwenda kwa siku yake, na ofisi ya uhamiaji ione faida ya kuhudumia darasa zima kwa siku moja. La tatu, maofisa elimu na maofisa uhamiaji wa Kyela wakutane na wenzao wa Karonga, waandike kwa pamoja hati ya majaribio, na kuipeleka kwa wizara zao ikiwa imekamilika. Wizara hupitisha upesi zaidi pendekezo lililokwisha kuandikwa na watu wanaoijua kazi. La nne, mwalimu aanze maombi yake ya kibali mapema, kwa kuwa yeye naye ni mtumishi wa umma na haruhusiwi kutoka nje ya nchi bila idhini ya mwajiri wake.

Mwezi wa Julai 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, Mwalimu Julius Nyerere alipendekeza kwamba nchi za Afrika ziiheshimu mipaka iliyokuwapo zilipopata uhuru, na pendekezo hilo likapita. Afrika ilikubali mipaka hiyo ili kuepusha vita kati ya ndugu. Haikukubali ili ndugu wasijuane. Pale Kasumulu mpaka utaendelea kuwapo, na ofisa ataendelea kusimama na muhuri wake, kama inavyompasa. Linaloombwa ni kwamba darasa la kata la kandokando ya ziwa litakapofika mbele yake, likiwa na walimu wake na orodha yake iliyothibitishwa, awahesabu watoto, aandike idadi, na awapitishe, kisha awahesabu tena watakaporudi.